Mbwa Mdogo Akibadilika Ghafla, Usimtie Mkono Mdomoni

CHUKUA mfano huu, ndugu msomaji. Familia moja inayoishi Shela, kisiwani Lamu, imeletewa mtoto wa mbwa kutoka shamba la jamaa yao upande wa bara, tuseme Hindi au Mpeketoni. Amevushwa kwa boti kutoka Mokowe akiwa ndani ya kikapu, mchangamfu, umri wake kama miezi miwili. Watoto wamempenda. Baada ya wiki tano hivi, asubuhi moja, anaonekana hana raha. Hataki chakula. Utaya wa chini umelegea, mate yanachuruzika, na akijaribu kubweka sauti inatoka ya kukwaruza, kama ya mtu aliyepaliwa. Mama mwenye nyumba anatazama na kusema: "Huyu amekwamwa na mwiba wa samaki." Kijana mkubwa anamshika mbwa kichwa, naye mama anaingiza vidole viwili kooni kuutafuta mwiba. Mwiba hauonekani.

Kisa hiki ni cha kutunga, lakini kosa lililomo ndani yake hutokea kweli, na hutokea hata kwa watu waangalifu. Madaktari wa mifugo hufundishwa mapema kwamba mbwa mwenye utaya uliolegea na mate yanayotiririka asitiwe mkono kinywani kabla ya kufikiriwa kichaa cha mbwa. Mwenye mbwa hajafundishwa hivyo. Yeye huona mnyama mdogo anayeteseka, na huruma humtangulia.

Ugonjwa wenye sura mbili

Wengi wetu tunapotajiwa kichaa cha mbwa tunaona akilini jibwa kubwa lenye macho mekundu, linakimbia ovyo mitaani na kumuuma kila aliye mbele yake. Sura hiyo ni ya kweli. Mbwa wa namna hiyo hukosa utulivu, huuma vijiti, mawe na hata minyororo, huzurura mbali na kwao, na sauti yake hubadilika ikawa kama ya kulia.

Lakini kuna sura ya pili, nayo ndiyo inayodanganya watu. Ni kichaa kimya. Mbwa hajaribu kumuuma mtu. Hujificha chini ya kitanda au nyuma ya mitungi, hupenda kiza, hulegea utaya, hushindwa kumeza, kisha miguu ya nyuma hukosa nguvu. Mbwa aliyekuwa mkali anaweza kuwa mpole wa ajabu, anakulambalamba mikono. Aliyekuwa mpole anaweza kukukwepa kama hakujui. Katika watoto wa mbwa mambo huwa magumu zaidi kutambua, kwa kuwa kuuma viatu na vidole ndiyo michezo yao ya kila siku, na kusinzia mchana kutwa ni kawaida yao. Kwa hivyo jambo la kutazamwa ni badiliko lenyewe: je, huyu ni yule yule wa juzi?

Yafaa kueleza kwa nini mate humwagika. Virusi vya ugonjwa huu huingia kwa jeraha, kisha husafiri polepole ndani ya mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo. Vikishafika huko huzaana, halafu hurudi kwa njia ya mishipa mingine hadi kwenye tezi za mate. Wakati huo huo misuli ya koo na ya utaya inapooza. Mate yanatengenezwa, hayamezwi, nayo yamejaa virusi. Yaani pale ambapo mnyama anaonekana kama aliyekwamwa na kitu ndipo kinywa chake kilipo hatari kupita wakati wowote. Na si pale tu: virusi huweza kuwamo kwenye mate siku chache kabla ya dalili yoyote kuonekana.

Safari hiyo ya virusi ndiyo inayoeleza pia kisa cha kikapu na boti. Tangu mbwa aumwe hadi augue kwa kawaida hupita wiki kadhaa, hata miezi. Mtoto wa mbwa aliyeumwa shambani na mbwa mpotevu, au na mbweha, anaweza kuvushwa bahari akiwa mzima kabisa machoni pa kila mtu. Lakini dalili zikishaanza, mwendo ni wa haraka: mbwa wengi hufa ndani ya siku 10.

Mbwa Lamu?

Wako watakaouliza, mbwa Lamu wanatoka wapi? Ni kweli, mji wa kale wa Lamu unajulikana kwa punda na paka wake. Wakazi wengi ni Waislamu wa madhehebu ya Shafi, ambao kwao mate ya mbwa ni najisi, hivyo mbwa hawafugwi ndani ya nyumba kama wanavyofugwa katika mitaa ya Nairobi. Hata hivyo mbwa wapo. Wapo wa walinzi, wapo wa wageni wenye nyumba Shela na Manda, na upande wa bara, Hindi, Mkunumbi, Witu na Mpeketoni, mkulima hufuga mbwa wa kumlindia boma na mahindi yake.

Uchache wa mbwa visiwani una faida zake, lakini kwa maoni yangu una hasara moja isiyosemwa sana. Mtu asiyezoea mbwa hajui mbwa mzima anavyokuwa, na kwa hivyo si rahisi amtambue aliyebadilika. Mtoto wa mtaa uliojaa mbwa hujua kumpisha mbwa asiyemfahamu. Mtoto wa kisiwani akimwona kijibwa amelegea kando ya njia huenda akamsogelea kumwonea huruma, au kumchokoza kwa kijiti.

Ugonjwa wenyewe si mgeni nchini. Uliandikwa kwa mara ya kwanza Kenya mwaka 1912, kwa mbwa viungani mwa Nairobi, na kwa binadamu mwaka 1928, kwa mwanamke wa sehemu za Ziwa Viktoria. Mkakati wa taifa wa kuutokomeza, uliowekwa kwa miaka ya 2014 hadi 2030, ulikadiria kwamba huua hadi watu 2,000 kila mwaka nchini. Duniani makadirio ni watu wapatao 59,000, na karibu wote, 99 kwa kila 100, waliupata kwa mbwa. Shirika la Afya Duniani hueleza kwamba katika kila watu 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa, wanne ni watoto wa chini ya miaka 15. Sababu yaeleweka: mtoto ni mfupi, huumwa usoni na shingoni, karibu na ubongo, na mara nyingi haelezi nyumbani akiogopa kugombezwa.

Si kila badiliko ni kichaa

Hapa naomba nisieleweke vibaya. Mbwa wengi wanaobadilika ghafla hawana kichaa cha mbwa. Ufukoni kuna bunju, samaki yule anayejivimbisha kama mpira, ambaye wavuvi humtupa mchangani kwa kuwa wanajua sumu yake. Mbwa mdogo akimtafuna, ndani ya dakika chache au saa chache hutapika, huyumba, miguu humwisha nguvu na pumzi humtaabisha. Sumu hiyo haina dawa ya kuifuta; daktari huweza tu kumsaidia apumue mpaka mwili uishinde.

Sumu ya wadudu inayonyunyiziwa mimea nayo humfanya mbwa atoe mate mengi, atetemeke na kuharisha. Ugonjwa wa distempa, unaowashika sana watoto wa mbwa wasiochanjwa, huanza kwa makamasi, kikohozi na macho yenye tongo, kisha siku za baadaye misuli huchezacheza yenyewe na taya hutafuna hewa. Mbwa wa jamii ndogo kabisa, akiwa bado mchanga, akikosa chakula kwa saa nyingi hupungukiwa sukari mwilini, akayumba kama mlevi au akashikwa na kitu kama degedege. Jike mdogo anayenyonyesha watoto wengi huweza kupungukiwa kalisi, akaanza kuhema, kutembea kama mti na kutetemeka. Na joto la mchana wa Februari, kwa mbwa aliyefungwa juani bila maji, latosha kumchanganya akili.

Muda husaidia kidogo kubagua. Sumu na joto hufanya kazi kwa dakika na saa. Kichaa cha mbwa huendelea kwa siku, kila siku mbaya kuliko jana. Lakini nasema kidogo, kwa kuwa hakuna mtu, hata daktari, awezaye kumtazama tu mbwa mwenye mate na kuapa kwamba si kichaa. Uhakika kamili hupatikana maabara, kwa kupima ubongo wa mnyama baada ya kufa. Ndiyo maana kanuni ni moja: kama hana kadi ya chanjo, au asili yake haijulikani, achukuliwe kuwa ana kichaa mpaka ithibitike vinginevyo.

Kanuni hiyo haikuzuii kumsaidia. Aliyezidiwa na joto waweza kummwagia maji ukiwa umesimama mbali, na kumwondolea jua kwa kumwekea kivuli. Anayedhaniwa kukosa sukari, kama anameza mwenyewe, awekewe maji ya sukari kwenye kisahani. Anayeshikwa na degedege aondolewe vitu vinavyoweza kumjeruhi, taa ipunguzwe, watu wanyamaze. Kijiko, kitambaa na vidole vikae mbali na meno yake. Habari kwamba mbwa aliyeshikwa na degedege atameza ulimi ni uongo.

Baada ya hapo mfungie. Watoto watoke kwanza, kisha mlango au lango la ua lifungwe, bila kujaribu kumbeba wala kumfunga kamba kwa mikono mitupu. Maji na chakula visogezwe kwa mti mrefu. Afisa wa mifugo apigiwe simu, na kama hapatikani, polisi au chifu waarifiwe, kwani huu ni ugonjwa ambao sheria inataka uripotiwe. Wakati unasubiri, andika majina ya wote waliomgusa mbwa huyo katika siku 10 zilizopita: waliolambwa, waliokwaruzwa, aliyeingiza vidole, hata jirani aliyekuja kumtazama na kuondoka. Orodha hiyo itaokoa muda mwingi hospitalini.

Watu wakiona hivi hukimbilia mawe na marungu. Huo ni ukatili, na juu ya ukatili una hasara, maana mbwa akipondwa kichwa maabara hupoteza kile inachohitaji kupima. Akifa mwenyewe asitupwe baharini wala jalalani. Afunikwe, asiguswe, afisa aje achukue sampuli.

Sabuni kabla ya boti

Sasa tuje kwa binadamu. Aliyeumwa, aliyekwaruzwa, au aliyeingiwa na mate kwenye kidonda, machoni au mdomoni, asifikirie boti kwanza. Afikirie sabuni. Jeraha lioshwe papo hapo kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni, kwa dakika 15 kamili, kwa saa. Dakika 15 ni nyingi kuliko mtu anavyodhani. Wengi huosha dakika mbili wakaona wamemaliza. Nyumbani Lamu ambako maji yamo birikani, mtu mmoja ateke kwa kata na kumimina bila kukoma, mwingine asugue kwa upole. Sabuni ya kufulia yatosha. Huvunja ganda la nje la kirusi, na kuosha huku peke yake hupunguza sana hatari. Kisha ipakwe dawa ya iodini ikiwepo.

Mvuvi au kibarua aliye mbali na kisima atauliza kuhusu maji ya bahari. Si mazuri kwa kazi hii, kwa sababu sabuni ya kawaida haitoi povu la maana kwenye maji ya chumvi. Lakini kama ndiyo yaliyopo, jeraha lisuuzwe kwa hayo, na kuosha kurudiwe kwa maji baridi na sabuni mara yatakapopatikana.

Kuna jambo hapa linalohitaji uangalifu. Muislamu anajua amri ya kuosha mara saba, moja kwa udongo, chombo kilicholambwa na mbwa. Hiyo ni habari ya tohara, na mwenye swali juu yake amwendee mwalimu wake. Ndani ya jeraha lililo wazi udongo usitiwe, kwa kuwa huweza kuleta pepopunda, ugonjwa mwingine wa kuua. Vivyo hivyo pilipili, majivu, mafuta ya taa, unga wa kahawa na manyoya ya mbwa aliyeuma. Wala jeraha lisikazwe kwa bendeji, na kwa kawaida lisishonwe kabla ya daktari kutoa kinga.

Ukishaosha, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Mji wa Lamu una Hospitali ya King Fahd. Mpeketoni na Faza kuna hospitali pia. Ni vyema kupiga simu kabla ya kuondoka, kwani chanjo hii haipo katika kila zahanati, na hata hospitali huishiwa. Anayetoka Siyu au Kizingitini anajua safari yake haitegemei haraka yake peke yake. Mlango wa Mkanda haupitiki vizuri maji yakipwa. Kupoteza maji ya asubuhi ili kufika kituo kisicho na dawa ni kupoteza siku nzima.

Kinga ina sehemu mbili. Ya kwanza ni chanjo, inayoufundisha mwili kujitengenezea askari wake. Hudungwa mara kadhaa. Ratiba ya siku nyingi ni siku ya kwanza, kisha ya 3, ya 7, ya 14 na ya 28 baada ya hiyo, ingawa tangu 2018 Shirika la Afya Duniani limekubali pia ratiba fupi zaidi. Ya pili ni imunoglobulini, yaani askari waliokwisha kutengenezwa, ambao hudungwa ndani na kando ya jeraha pale ngozi ilipotoboka, ili wazuie adui wakati chanjo bado haijafanya kazi. Mama mjamzito hudungwa. Mtoto mchanga hudungwa. Aliyechelewa wiki mbili asikate tamaa akakaa nyumbani, naye hudungwa, maadamu hajaanza kuumwa.

Hilo la mwisho ndilo zito. Dalili zikishaanza kwa binadamu, yaani jeraha lililopona kuwasha na kufa ganzi, homa, wasiwasi, kisha koo kukakamaa kila aonapo maji, hospitali yoyote duniani huwa haina la kufanya ila kumpunguzia maumivu. Waliopona baada ya hapo ni wa kuhesabika kwa vidole. Tangu Julai 1885, Louis Pasteur alipomdunga mtoto Joseph Meister wa miaka tisa, njia ya kuokoka imekuwa moja tu, kuwahi kabla ya dalili. Kwa hivyo wale walioumwa wasiambiwe "tungoje tuone kama mbwa atakufa." Desturi ya kumtazama mbwa kwa siku 10 ipo na ni nzuri, ila ni ya mbwa aliyeonekana mzima alipouma, na sindano huanza huku akitazamwa. Siku 10 zikipita naye yu mzima, daktari aweza kuzikatiza. Mbwa aliyekwisha kubadilika hangojewi.

Funzo la Pemba

Kisiwa cha Pemba kiliwahi kuuondoa ugonjwa huu kwa kuchanja mbwa, na kufikia 2014 ulikuwa umekwisha. Kisha mwaka 2016 ukarudi. Uchunguzi wa vinasaba vya virusi ulionyesha kwamba uliingizwa upya kutoka nje. Kampeni za chanjo zikarudiwa, na mwaka 2018 ukatokomezwa tena. Bahari ni ukuta mzuri mpaka mtu apakie mbwa botini.

Kwa hivyo anayetaka kuleta mtoto wa mbwa visiwani aulize mambo matatu huko huko bara: mama yake alichanjwa lini, amewahi kuumwa au kukwaruzwa na mnyama yeyote, na kuna mbwa aliyekufa au kupotea jirani miezi ya karibuni? Chanjo ya kwanza kwa kawaida hutolewa akiwa na miezi mitatu, kwa kuwa kabla ya hapo kinga ya maziwa ya mama huweza kuidhoofisha. Lakini kampeni ikipita mtaani na mbwa bado ni mdogo zaidi, apelekwe, kisha arudiwe baadaye. Baada ya hapo ni kila mwaka.

Paka nao wachanjwe, maana paka wa Lamu ni wengi na watoto huwashika bila hofu. Hata punda huupata, naye humchanganya mwenyewe kwa kujigaragaza na kujing'ata mahali alipoumwa, mtu akadhani ni tumbo. Kadi ya chanjo iwekwe pamoja na kadi za kliniki za watoto, mahali ambapo kila mtu wa nyumba anapajua, kwani siku mbwa atakapomkwaruza mtoto wa jirani, hiyo ndiyo itakayoulizwa kwanza hospitalini.